Baraka Iliyooshwa kwa Sabuni

Simu ya Upendo ilinikuta uani nikipepeta mbaazi. "Dada Vero," alisema, "mama ametutoka." Sikuwa nimewahi kumwona Upendo kwa macho. Nilimjua kwa picha moja ya zamani, msichana wa shule ya msingi mwenye soksi nyeupe, iliyobandikwa karibu mwaka mzima kwenye ukuta wa chumba kimoja cha nyumba yetu ya Nangara, Babati. Nilimjua pia kwa sauti, maana ilikuwa ni sauti ya mama yake iliyopunguzwa miaka. Niliuweka ungo chini. Kesho yake nilipanda basi kwenda Morogoro, na njia nzima, Kondoa na Dodoma zikipita dirishani, nilijiuliza nitakapofika nitajitambulisha kama nani. Mama Upendo alipanga kwetu. Aliondoka kwetu. Baada ya hapo kila Krismasi tulipigiana simu, tukaulizana habari za mvua na mahindi, tukaishia hapo. Mtu hasafiri siku nzima kwenda kumlilia mpangaji.

Siku moja baada ya mazishi, watu walipokuwa wamepungua, tuliketi wanawake wachache kwenye mkeka nyuma ya nyumba, tukizunguka sinia la ugali na nyama. Upendo alinikalisha karibu naye. Alikuwa mtu mzima sasa, mnene kidogo, na alipokunja kanga kiunoni nililazimika kutazama pembeni, kwa jinsi alivyoikunja kama marehemu. "Huyu ndiye dada yangu wa Babati," aliwaambia wenzake. Kisha akanigeukia. "Mama alikuwa akikutaja sana, dada. Lakini alisema mliachana vibaya. Nilipomuuliza kisa, alikuwa ananyamaza. Mligombana nini?" Mikono ya wenzetu ilisimama kwenye ugali. Nami nikaona kwamba jambo lililoniweka njia panda nikiwa msichana lilikuwa limenifuata hadi Morogoro, na marehemu hajamaliza hata siku mbili ardhini. Nitasema nilichojibu. Lakini kwanza lazima niueleze mwaka wenyewe.

Mwaka ule mkoa ulikuwa mpya. Sisi tuliolala tukiwa watu wa Arusha tuliamka tukiwa watu wa Manyara, na Babati, mji ambao kwa wengi ulikuwa wa kupita tu, basi likisimama wananunua mahindi ya kuchoma dirishani, ukaambiwa kuwa ni makao makuu. Maofisa walikuja na magodoro yamefungwa juu ya magari, kutoka kila pembe ya nchi. Ofisi ziliwekwa popote palipokuwa na mlango. Nyumba za kupanga hazikuwepo za kutosha, na mtu mwenye chumba chenye bati juu na komeo mlangoni alikuwa mtu wa maana. Habari za wazazi wangu ni ndefu, sitazisimulia hapa. Itoshe kusema kwamba walikuwa wamefariki wakifuatana, mimi nikaacha shule kidato cha pili, na sasa nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa mwenye nyumba ya matofali, mdogo wangu Fausta wa darasa la saba, na Elia ambaye alikuwa hajaanza hata shule. Tukajibana watatu chumba kimoja, nikapangisha viwili.

Nyumba yenyewe haikuwa na dari. Kuta ziliishia chini ya kenchi, na juu yake kulikuwa na nafasi wazi hadi kwenye bati, kwa hiyo sauti zilitembea nyumba nzima bila kubisha hodi. Ukikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma alikuambia pole. Mvua ikinyesha hamsikilizani. Ikikatika, mnasikia hata jirani yako anavyovua viatu. Nimejenga baadaye nyumba yenye dari, ya mbao nzuri kabisa, na kuna jioni ninalala nikiona kama nimezibwa masikio.

Mama Upendo aliingia mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa mpiga chapa katika moja ya zile ofisi mpya, mwanamke wa Morogoro aliyemwacha binti yake kwa bibi ili asome bila kuhamahama. Alikuwa mrefu, mwenye kicheko cha kuanzia tumboni. Siku ya kwanza nilimkaribisha chakula, maana haikuwa vizuri mgeni akawashe jiko peke yake na vitu bado vimefungwa. Kulikuwa na ugali na perege wa ziwani. Nilimpakulia yeye, nikampakulia Fausta, nikampakulia Elia na kumtolea miiba, kisha nikachukua mwiko na sufuria nikaanza kukwangua ukoko, kama nilivyozoea. Yeye alikuwa ananitazama.

"Na wewe umekula?" akaniuliza.

"Nimeshashiba, mama."

"Sijakuuliza kama umeshiba. Nimekuuliza kama umekula."

Tangu msiba watu wengi walikuwa wameniuliza mambo: shamba litalimwa na nani, wadogo zako watakwenda kwa mjomba yupi, mbona huolewi upate msaada. Lile hakuna aliyekuwa ameliuliza. Niliinama juu ya sufuria ili asione uso wangu. Yeye akainuka, akaingia chumbani kwake, nikamsikia akifungua mafurushi, akatoka na sinia kubwa jeupe lenye maua mekundu katikati. Akamwaga humo sahani zote, yake, ya Fausta na ya Elia, akaliweka chini. "Kuanzia leo tunakula sinia moja," alisema. "Kwenye sinia hakuna anayepakulia wenzake akajisahau. Njoo hapa."

Ndivyo tulivyoanza. Ningeweza kujaza daftari zima kwa milo ya miezi ile: makande ya Jumamosi, mbaazi za nazi alizotufundisha, nazi zenyewe akimwagiza dereva wa basi, maana kwetu nazi ilikuwa kitu cha kusikia. Alimpaka Fausta dawa kifuani. Alinifundisha kukata gauni bila kupoteza kitambaa. Kabla ya kulala alikuwa anasali kwa sauti, na sala ilipanda juu ya ukuta ikatushukia upande wa pili tukiwa tumejifunika: "Bwana, mkumbuke Fausta na kifua chake. Mkumbuke Elia. Na huyu mkubwa, Bwana, anayebeba wenzake, mpe naye mtu wa kumbeba." Nililala macho wazi nikisubiri jina langu lifike. Sijui kama alijua kwamba namsikia. Nadhani alijua.

Magdalena alikuja katikati ya masika, mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Alikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, mwembamba, mkimya, sanduku lake la bati limefungwa nyuma ya baiskeli ya kukodi. Alisimama nje ya mlango, akakataa kuingia kwanza. Mama Upendo alikuwa kazini. "Kabla sijashusha sanduku nikuambie," alisema. "Mimi ni Mbarabaig. Kwingine nilinyamaza, walipojua wakanitoa. Kama huwezi, sema sasa, mwenye baiskeli bado hajaondoka."

Pale mjini hakuna aliyewaita Wabarabaig. Waliitwa Mang'ati, jina walilobandikwa na maadui zao. Lilitamkwa kwa namna ambayo mtu anasema fisi. Magdalena hakuwa na zile alama wanazochanjwa kuzunguka macho, na Kiswahili chake kilikuwa cha chuo, kwa hiyo wengi walimdhania Mmbulu.

"Chumba kina panya," nilimwambia. "Sijui kama utaweza."

Alicheka, akashusha sanduku. Kisha akanishika mkono. "Lakini huyo mpangaji mwenzangu usimwambie. Nitasema mwenyewe siku nikiweza."

Nikakubali. Mama Upendo alimpenda siku hiyohiyo. Alimwita "mwenzangu", akamshonea kifungo cha blauzi, akamsogezea kipande kinono cha samaki. "Kula, mwalimu, mwili huo upepo wa mlima Kwaraa utaubeba." Tukawa watano kwenye sinia. Na ni hapo, kwenye sinia lile, nilipoanza kusikia jambo ambalo nilikuwa nimelisikia maisha yangu yote bila kulisikia. Mama Upendo alipenda kusimulia mambo ya ofisini. "Leo Mang'ati wawili wameingia na fimbo zao, wamejipaka siagi tangu mwaka juzi. Mhasibu kafungua madirisha yote, bado tunataka kufa!" Fausta alicheka hadi akapaliwa. Elia akauliza, "Mang'ati ni nani?" Akajibiwa, "Ni watu wa porini. Ukilia ovyo wanakutia kwenye mfuko wa ngozi wanaondoka na wewe." Mimi nilikuwa natazama mkono wa Magdalena. Alikuwa na tonge mkononi, akalifinyanga, akalifinyanga, hadi likawa gumu kama udongo wa mfinyanzi, wala hakulipeleka mdomoni.

Siku zikawa hivyo. Si kila siku, na ndiyo maana ilikuwa ngumu. Angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya. Alikuwa anayasema maneno yale kwa kicheko kilekile alichokuwa nacho anapombeba Elia mgongoni, na mkono ulioyasindikiza ndio uliotusogezea chakula. Nilimfuata Magdalena bombani tukiwa peke yetu.

"Nimwambie?"

"Umwambie nini?"

"Kwamba anavyosema si vizuri."

"Atakuuliza kwa nini umeanza leo. Utasema nini?" Alijitwisha ndoo kichwani bila kunitazama. "Acha, Vero. Mimi nimezoea."

"Mimi sijazoea."

"Utazoea," alisema, akatangulia.

Nilinyamaza kwa sababu aliniomba. Hiyo ni kweli, na mtu angeniuliza ningeitoa hiyo. Lakini chini yake kulikuwa na kweli nyingine: niliogopa kuwa tena mtu ambaye haulizwi kama amekula. Jioni moja nilijaribu kupita kwa mbali. Nilisema kwamba palikuwa na bibi mmoja wa Kimang'ati aliyekuwa akimletea marehemu mama maziwa, na alikuwa mtu mwema sana. Mama Upendo alinipapasa goti. "Mmoja mmoja hawakosekani, mwanangu. Hata kwenye gunia la mbaazi zilizobunguliwa utaikuta nzima." Wote wakaendelea kula, na Magdalena akala.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya kiangazi. Magdalena alikwenda sokoni. Mimi nilikuwa nafua uani, Mama Upendo ameketi kwenye ngazi ya mlango anamsuka Fausta. Pakasimama mama mmoja mzee penye uwazi wa uzio. Alikuwa amevaa sketi ya ngozi yenye shanga, vikuku vya shaba vimejaa mikononi, na kuzunguka macho yake kulikuwa na zile alama ndogondogo za duara, mistari kwa mistari, kama mtu aliyevaa miwani ya nukta. Kwapani alikuwa na kibuyu. Alisimama wima kabisa, akinusa hewa ya ua wetu kwa makini, kama anayetaka kujua binti yake anaishi mahali pa namna gani.

"Mwalimu yangu iko?" aliniuliza.

Nikaelewa palepale. Nikamwamkia, nikakimbilia kigoda. Nyuma yangu Mama Upendo akasema, kwa sauti ya kusikika, "Anataka nini huyo? Kama anauza maziwa mwambie hatununui." Elia alikuwa ametangulia. Hakuogopa hata kidogo. Yale ya mfuko wa ngozi alikuwa ameyasahau kwa ajili ya vikuku. Alivigusa, vikalia, akacheka. Kisha akakumbuka adabu, akainamisha kichwa, "Shikamoo, bibi." Yule mama akaweka mkono juu ya kichwa chake. Akasema maneno kwa lugha yake, polepole, kama mtu anayepanda mbegu, na alipomaliza akamtemea mate kidogo, ya kunyunyiza tu, kwenye paji la uso na kifuani. Wazee wa kwao ndivyo wanavyombariki mtoto wanayetaka aishi. Sisi tuliokulia pale tulilijua hilo bila kufundishwa.

Mama Upendo hakulijua. Alipiga ukelele uliowatimua kuku. Aliruka kutoka kwenye ngazi na kitana mkononi, akamnyakua Elia, akamvua fulana, akaitupa kwenye karai langu, akachukua sabuni ya mche akaanza kumsugua kifua na uso. "Anamtemea mtoto mate! Mbele yangu! Uchawi huu, kifua kikuu hiki! Vero, umesimama tu, leta maji!" Elia alilia, sabuni imemwingia machoni. Yule mama mzee hakusogea. Mkono wake ulikuwa bado uko hewani, pale kichwa cha mtoto kilipokuwa. Kiswahili alikijua kidogo sana, lakini sabuni haihitaji mkalimani.

Magdalena akaingia na kapu la mboga.

"Afadhali umekuja, mwalimu," Mama Upendo alisema akihema, povu limefika viwikoni. "Wewe unajua vilugha vya huku. Liambie hili limama la Kimang'ati litoke."

Magdalena aliweka kapu chini taratibu, kama lina mayai. Akaenda hadi kwa yule mama, akapiga magoti, akainamisha kichwa. Mama akamwekea ule mkono uliokuwa hewani, akasema maneno yaleyale, akamtemea kwenye paji la uso. Magdalena akasimama, akageuka kutuelekea, mate bado yanang'aa usoni, na hakuyafuta.

"Huyu ni mama yangu, Mama Upendo," alisema.

Povu la sabuni lilitiririka hadi penye kuku, wakaja kulidonoa, wakaliacha. Mama mzee hakukaa. Aliniachia kibuyu, mimi, si binti yake, akanikazia macho kidogo, kisha wakaondoka wawili, Magdalena akimsindikiza hadi njia ya kwenda barabarani. Mama Upendo alimkausha Elia kwa kanga yake mwenyewe, akimbusu kichwani. "Wewe ulijua?" aliniuliza. Nilisema nilijua. Akaingia ndani.

Jioni nilisonga ugali, nikachuma mboga, nikamimina maziwa ya kile kibuyu kwenye bakuli. Yalikuwa mazito, na yale madoa meusi ya mkaa wanaosafishia vibuyu, na harufu yake ya moshi ilijaza ua. Niliweka sinia mahali pake. Fausta akaja, Elia akaja, Magdalena akatoka chumbani kwake akaketi. Kisha Mama Upendo akatoka, na mkononi alikuwa na sahani na kijiko. Alikata ugali pembeni mwa sinia, upande ambao hakuna mkono ulikuwa umefika, akachota mboga, akarudi kukaa kwenye ngazi. "Msinielewe vibaya," alisema. "Sina ubaya na mtu. Lakini kila mtu na sahani yake, ndiyo afya. Na Vero, hawa watoto nao uwape sahani zao."

Magdalena alianza kuinuka. Nilimwona Fausta akiutazama mkono wake mwenyewe, kisha wa mwalimu wake, kama anayepima mahesabu. Mimi niliona mambo mengi kwa mara moja. Niliona ile sala ikikoma. Niliona chumba cha Mama Upendo kikiwa kitupu, na mimi nikikwangua sufuria. Kama ningesema tu "sawa, mama," na kuinuka kuleta sahani, hakuna ambacho kingevunjika usiku ule. Ni sahani tu.

"Mama," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia. "Mama. Sinia hili umelileta wewe."

"Nimelileta."

"Ukasema kwenye sinia hakuna anayesahauliwa."

"Nilisema, ndiyo. Sikujua nakula na nani."

"Ulikuwa unakula na Magdalena. Ndiye huyuhuyu."

"Alitudanganya, mwanangu."

"Hakudanganya. Aliniambia mlangoni, kabla sanduku halijashuka. Rudisha mkono wako, mama."

"Vero." Aliweka kijiko chini. "Mimi ninawalinda ninyi. Nani mwingine anawalinda?"

"Najua. Lakini tangu tumzike mama, hakuna mzee aliyekuja humu akamwekea Elia mkono kichwani akamwombea aishi. Yule bibi ndiye wa kwanza. Ametuletea baraka bila kuombwa, na wewe umeiosha kwa sabuni, mwenyewe akikutazama."

Alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha yangu. "Unanisema mimi, Vero? Mimi?"

"Ungekuwa mpangaji tu, ningenyamaza," nilimwambia.

Aliiacha sahani kwenye ngazi, haijaguswa, akaingia chumbani kwake akarudishia mlango. Sisi tukala, au tulijifanya. Tulipolala, nilisubiri. Nilimsikia akivua viatu, nikamsikia akipiga magoti, kitanda kikalia. Juu ya ukuta hakikupita kitu. Kama alisali, alisali moyoni.

Mtu anaweza kudhani kwamba angalau Magdalena alinishukuru. Kesho yake tulikwenda bombani, naye akaniambia hivi: "Hukuniuliza kama nataka kusemewa." Nikamwambia sikumsemea yeye, nilisema kwa sababu ile ilikuwa nyumba yangu, na Fausta alikuwa anatazama. Alifikiri hadi ndoo ikajaa ikamwagika. "Basi hapo sawa," alisema. Urafiki wetu ulianzia hapo na haujaisha. Sasa ni mwalimu mkuu upande wa Hanang, na mama yake alikufa akiwa ameshambariki Elia mara nyingi, Elia akiwa kijana mwenye ndevu anayeinama kwa aibu. Lakini sitadanganya kwamba nilibadilishiwa mtu kwa mtu. Magdalena alikuwa rafiki. Aliyeondoka alikuwa mama.

Aliondoka mwisho wa mwezi. Alikuwa amepata chumba karibu na ofisi, na baada ya muda akahamishiwa kwao. Siku zile za katikati alitusalimia wote, Magdalena pia, kwa adabu ya mtu anayekaa hotelini. Nilimsaidia kubeba mafurushi hadi kwenye gari. Picha ya Upendo iliacha mraba mweupe ukutani. Nilipomletea sinia, alikataa. "Liache. Ninyi ni wengi." Akamtazama Elia, akanyoosha mkono kuelekea kichwa chake, na mkono ukasimama hewani, palepale mkono wa yule bibi uliposimama. Nadhani naye aliona. Akaushusha, akampiga mtoto begani. Alipokuwa ameshaweka mguu garini aligeuka kunitazama. "Na wewe..." alisema. Nilisubiri. Dereva akapiga honi, naye akaingia, na vumbi la njia ya Nangara likafunga nyuma yao.

Nimeishi na maneno yale mawili. Sasa mimi ni mkubwa kuliko alivyokuwa yeye mwaka ule, nimeolewa, nimezaa, nimepangisha watu wa kila aina. Maua ya sinia yamefutika kwa kusuguliwa na mchanga, limebaki jeupe tupu, na bado ndilo tunalolia chakula. Nimeyarudia niliyosema jioni ile nikiwa shambani, nikiwa kanisani, na sijapata hata neno moja ninalotaka kulirudisha. Ila ukisema ukweli, hakuna anayekuja kukuuliza kama umekula. Wakati wa Krismasi, simu ikiwa sikioni, nilikuwa nasubiri baada ya habari za mvua, labda atamalizia. Naye, nadhani, alikuwa anasubiri nimwambie kwamba nilikosa. Sikukosa. Tukawa tunaagana.

Hayo yote niliyasema Morogoro, kwenye mkeka, ugali ukipoa. Nilifikiri kwanza kumwambia Upendo kwamba lilikuwa jambo dogo la wapangaji. Alikuwa na macho mekundu, na mama yake alikuwa na haki ya kulala kwa amani. Lakini aliuliza, na nilikuwa nimeshalilipia jibu lake gharama kubwa mno kuweza kulificha. Nikamwambia pia habari za sinia, na sala, na mbaazi za nazi, kwa sababu bila hizo nisingekuwa nimemwambia kweli. Nilipofika kwenye sabuni, mmoja wa mashangazi alisema, "Jamani, msibani hapasemwi hivyo." Upendo akasema, "Mwache aseme, shangazi."

Nilimaliza. Upendo alikuwa anaokota punje za mchanga kwenye mkeka.

"Mimi niliwahi kuleta kijana nyumbani," alisema hatimaye. "Mmakonde. Kijana wa watu, mpole. Mama alimpa chai vizuri tu, akacheka naye. Alipoondoka, akakichukua kile kikombe akakivunjia jikoni. Nami nimesimama mlangoni."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu, dada. Nilizoa vigae." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Yule kijana sikumwona tena. Na mama hakujua kamwe kwamba namkumbuka."

Wenzetu walianza kuinuka mmoja mmoja, wakachukua vyombo vyao. Tukabaki wawili na sinia katikati. Upendo alilitazama, akaona upande wangu ugali ulikuwa mzima, haujaguswa. Akalizungusha, vipande vya nyama vikaja kwangu, kwa mkono uleule ambao nimeuota miaka yote hii.

"Na wewe," alisema, "umekula?"

"Bado," nikamwambia, nikarudisha mkono kwenye sinia.